Chujio langu la maji ya kufulia, Nkuhungu, Dodoma: mwaka mmoja na zaidi

Tangu Juni mwaka jana, maji ya kufulia na ya kuogea hapa kwangu hayaendi tena shimoni. Yanachujwa, kisha yanakwenda kwenye migomba minne na mipapai saba. Maji ya choo hayamo kabisa, yana shimo lake.

Ni mapipa matatu ya lita 200 yaliyopangwa kwa ngazi. La kwanza ni la kutuliza, nywele na tope vibaki chini. La pili lina kokoto, juu yake mchanga wa mtoni uliooshwa hadi maji yake yakawa meupe. La tatu ni kokoto na matete; vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi ndivyo vinavyokula uchafu. Mwisho kuna bomba lenye matundu, limefukiwa chini ya majani makavu. Pamoja na ufundi, laki nne na elfu sitini.

Fundi alinikosea jambo moja kubwa: aliunganisha sinki la jikoni moja kwa moja. Wiki ya tatu mchanga ulikuwa umefunikwa na utando mweupe wa mafuta, mzito kama supu ya ng'ombe iliyolala. Maji yakafurika na harufu ikafika kwa jirani. Nilipompigia akaniambia nimwage dawa ya choo. Nilikataa, maana ingeua vijidudu vyote. Nikachota mchanga wa juu kwa koleo, nikaweka mwingine, na sinki la jikoni nikalitenganisha.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni sabuni ya unga. Mwezi wa nne tangu nianze, udongo kwenye mashina ya mipapai ulifanya ukoko, maji yakawa yanasimama juu badala ya kuzama, na majani yakaungua kingo. Sabuni hizo zina sodiamu nyingi, madini yaliyomo kwenye chumvi, nayo huvuruga udongo wa mfinyanzi hadi ukaziba. Maji yetu ya visima nayo yana chumvi yake, na Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kuisukuma chini. Sasa nafulia sabuni ya maji, tena kidogo. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo namwaga shimoni. Nimetia samadi, na mvua za Desemba ziliposhuka ukoko ukalegea.

Mboga za majani sizimwagilii kwa maji haya. Mama mkwe alipokuja alishika ndoo kuelekea kwenye mchicha, nikamwahi: "Mama, naomba haya tuyaache kwenye migomba." Chujio hili haliui vimelea vya kuhara, na nguo za mtoto mchanga zinafuliwa humo humo. Pia siyalazi, yakikaa zaidi ya siku moja yanaanza kunuka.

Oktoba hii, maji ya bomba yakitoka kwa zamu, nimekata papai la kwanza, tamu kabisa. Mama mkwe alikula vipande viwili, akaniuliza bei ya mapipa. Jumamosi naenda kwake Bahi kumpimia mteremko.