Teksi ya kukodi kutwa Lubumbashi, siku ya mwisho ya likizo na watoto

Kwa familia inayomaliza likizo Lubumbashi na mfuko umeshapungua, huduma ninayoipendekeza ni moja: teksi ya kukodi pamoja na dereva, tangu asubuhi mnapotoka hotelini hadi saa ya kuondoka. Nyota nne kati ya tano. Tano ningeitoa kama mapatano ya bei yasingekula nusu saa nzima.

Mgeni hulalamika kwamba mji huu ni ghali, halafu anatafuta nafuu kwenye tiketi za kuingilia. Siyo huko. Hoteli za mjini kati zimepanga bei zao kwa watu wa migodi wanaolipiwa na kampuni. Vitu vya supamaketi, kuanzia maziwa hadi biskuti, vingi vinapita mpaka wa Kasumbalesa vikitoka Zambia na Afrika Kusini, na Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kila mama mwenye kikapu alielewa maana yake. Lakini siku ya mwisho kinachomaliza franga (franki za Kongo) ni safari ndogondogo: teksi ya kwenda, nyingine ya kurudi kuchukua mizigo, nyingine ya uwanja wa ndege, tena watu watano hawapandi manseba, yaani pikipiki ya abiria.

Mkipatana na dereva, taja saa, usiseme “siku nzima”. Kwake siku inaweza kuisha saa tisa alasiri. Taja esansi (petroli) iko kwa nani, kusubiri kunahesabiwaje, na mtaachana wapi. Lipa sehemu mwanzoni ili ajaze tangi, zilizobaki mwishoni. Omba uone karatasi za asiransi (bima) kabla ya kupakia mizigo, maana gari lisilo na karatasi litasimamishwa kwenye kila mzunguko na muda unaopotea ni wako. Gari dogo la IST ni rahisi ila inabeba watu watano dereva akiwemo. Familia ya watano haienei kihalali, achilia mbali mizigo. Noah inatosha, lakini ukiinua viti vya nyuma kabisa nafasi ya masanduku inabaki ya begi mbili tatu. Hesabu vichwa na mizigo pamoja.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaliwazi: magari mengi hapa yana usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva yuko upande wa ukingo, abiria wa mbele yuko upande wa magari yanayokuja. Watoto washuke mlango wa kulia tu, na wa kushoto ufungwe kwa loki ya watoto kama ipo.

Pesa. Beba dola safi. Noti iliyochanika hata ncha moja, iliyoandikwa kalamu au ya toleo la zamani itarudishwa, na ya dola moja wengine hawaitaki kabisa. Badilisha kiasi kidogo tu kwa franga za vitu vidogo. Noti kubwa kabisa ni ya 20.000, kwa hiyo mia moja ya dola inakuwa fungu la kuhesabu barabarani mbele ya macho ya watu. Franga ilipopanda thamani mwaka 2025, wauzaji wengi walibaki na kiwango chao cha zamani kichwani. Uliza bei kwa pesa zote mbili, kisha lipa kwa ile inayokupendelea.

Asubuhi anzeni na Musée National. Mwezi wa 7 kuna baridi ya kweli, mji uko zaidi ya mita 1.200 juu ya usawa wa bahari, watoto wavae pulova hadi saa nne. Ndani mtafute misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa katika Katanga ya zamani, na vitu vilivyochimbuliwa kwenye makaburi ya Upemba. Mchukue mwongozaji, kwa sababu maandishi ya ukutani hayamsaidii mtoto wa miaka minane. Kisha zoo, ambako pia kuna kituo cha J.A.C.K., kilichoanza mwaka 2006 kulea sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Mtoto mwenye mafua akae mbali nao: magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mtaliona mkipita, halihitaji kituo. Simu ibaki mfukoni mbele ya wanajeshi, madaraja na majengo ya serikali.

Zawadi ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Malakiti halisi, lile jiwe la kijani la mapambo, ni nzito kuliko unavyotarajia, na ukiiweka shavuni inabaki baridi kwa muda. Ya plastiki au unga uliogandishwa kwa gundi ni nyepesi na inapata joto upesi. Angalia mistari. Ya kweli ina kijani kilichokolea na kilichofifia vikipishana bila mpango, mstari mmoja mnene, unaofuata mwembamba kama uzi, na kwenye kona mistari inaingia ndani ya jiwe. Mistari iliyo sawasawa mwanzo hadi mwisho ina mashaka. Geuza kitu chini: sanduku dogo au kiboko mara nyingi ni vipande vilivyounganishwa, na ufa mweusi ni gundi. Hilo si wizi, ila bei lazima ishuke. Jiwe hili ni laini, linakwaruzwa na kisu, na limau au siki vinaharibu mng'ao wake, kwa hiyo lisisafishwe kwa dawa za jikoni. Usinunue jiwe ghafi: madini yasiyochongwa yanataka karatasi za kutolea nchini, na uwanja wa ndege watakuzuia nayo. Pembe ya ndovu usiiguse hata kwa bei ya bure. Picha za shaba iliyogongwa kwa nyundo ndizo ninazozipenda kwa familia: bapa, hazivunjiki, zinalala chini ya begi. Pitisha kidole nyuma. Shaba iliyogongwa kwa mkono ina mashimo ya nyundo upande wa pili.

Chakula cha mchana kiwe kwenye mitaa ya Kamalondo au Kenya, si hotelini. Michopo (nyama ya kuchoma) unachagua kipande kikiwa bado motoni, unakubali bei, ndipo kinakatwa; kikishakatwa hakuna tena mazungumzo. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) agizeni mara tu mkikaa. Kwenye restora za mjini kati kusubiri saa nzima ni kawaida, na hiyo saa iko kwenye bei ya teksi.

Kwa wanaoruka, uwanja wa ndege wa Luano muwe mmefika saa tatu kabla ya ndege kuruka. Go-Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, inalipwa kwa kila abiria, kwa hiyo ulizeni kampuni ya ndege mapema kama iko ndani ya tiketi. Wengine hugundua dirishani, franga zimeshaisha. Malakiti ipimwe pamoja na begi kabla ya kutoka hotelini, kilo zinapanda haraka. Wanaorudi Likasi wana karibu kilomita 120, Kolwezi karibu 300, na njia hiyo wanaigawana na malori ya madini. Kiza kinaingia mapema msimu wa baridi, na lori lililoharibika linaachwa barabarani bila taa, limewekewa matawi tu. Wa Kolwezi wakate zoo, wale mapema, waondoke kabla ya saa sita mchana.