Asali au Tangawizi kwa Kikohozi cha Mafua?

Kila mafua yanapoenea Mombasa, hasa majira ya kusi, huulizwa lipi bora kwa kikohozi: asali au tangawizi. Kwa gharama, tangawizi inashinda, kwani katika soko la Marikiti huuzwa kwa bei nafuu, ilhali asali safi ni ghali na mara nyingine huchanganywa na maji ya sukari, udanganyifu ambao si rahisi kuugundua kwa macho.

Kwa uhakika wa kutuliza kikohozi, asali ndiyo yenye ushahidi zaidi, na kijiko kimoja kabla ya kulala huweza kumpunguzia mtoto kikohozi cha usiku. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe hata kwa ncha ya kidole, kwa sababu asali huweza kubeba bakteria ambao hutoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga, ikalegeza misuli hata ile ya kupumulia. Nawasihi akina mama na bibi walizingatie hili. Mwenye kisukari naye aihesabu kuwa ni sukari.

Tangawizi imethibitika zaidi kwa kichefuchefu. Kooni huleta nafuu ya muda tu. Huweza kuchochea kiungulia, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

Asali iliyofunikwa vizuri hukaa miaka, lakini tangawizi mbichi huota ukungu upesi katika unyevu wa pwani.

Penye watoto wa shule ningeweka asali. Mtu mzima anayechunga sukari atafaidi zaidi chai ya tangawizi isiyotiwa sukari. Kikohozi kinachozidi wiki 2, au chenye damu, kipelekwe hospitali.