Kibeho kwa mhujaji wa Ngara: inafaa nauli, ukienda kuungama

Akina mama wa jumuiya wananiuliza kama Kibeho, mahali pa hija kusini mwa Rwanda, inafaa nauli yake. Inafaa, tena sana, ila inategemea umefuata nini. Ukishuka na dumu, ukajaza maji ya chemchemi na kurudi kwenye basi, Kibeho yenyewe umeikosa.

Pale Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule kuanzia tarehe 28 Novemba 1981: kwanza Alphonsine Mumureke, kisha Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Kanisa lilithibitisha mwaka 2001. Ujumbe uliorudiwa mno ulikuwa mmoja, tubuni. Kwa hiyo huduma kubwa ya mahali hapa ni kitubio, na ndiyo ninayoisifia.

Mimi nilikuwa na kinyongo na kaka yangu tangu baba alipofariki na shamba la migomba likagawanywa. Parokiani nilikuwa nakitaja harakaharaka, "nimemkasirikia ndugu", basi, foleni inasogea. Kibeho nilimpata padri mwenye Kiswahili cha Kongo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, stola shingoni, hana haraka hata kidogo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akauliza, "Mama, huyu kaka yako, unamuombeaka?" Nikasema hapana, Padri. Malipizi aliyonipa ni kuisali Rozari ya Mateso Saba yote kwa ajili ya kaka, nikimtaja kwa jina, kabla sijapanda basi.

Rozari hiyo ni mafungu saba ya punje saba, kila fungu kwa teso moja la Bikira Maria, na Marie Claire ndiye aliyepewa kazi ya kuifundisha upya. Unaanza na utabiri wa Simeoni, unakimbilia Misri, unamtafuta Mtoto aliyepotea Yerusalemu, hadi kaburini. Ni ndefu kwa asiyeizoea. Mateso matatu ya kwanza nilisali nimekaza meno. Kwenye la tano, pale Mama amesimama chini ya msalaba na hamlaani mtu, jina la kaka likaanza kutoka bila kunikwama kooni. Nililia sana, na mama wa Kinyarwanda aliyekuwa pembeni akanishika mkono tu, akaendelea kusali.

Msiondoke bila kufika kwenye kanisa la parokia. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa. Marie Claire naye aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Na watu wa kilima hicho bado wanasali pamoja. Nilisimama pale nikifikiria mpaka wa migomba yetu, nikaona aibu ya kweli. Tulipofika Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na laini yangu kushika mtandao, nilimpigia kaka. Nikamwamkia, nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyasema msibani. Tunazungumza sasa. Shamba bado halijakaa sawa, lakini tunalizungumza kama ndugu.

Kuhusu uponyaji, nisiseme zaidi ya nilichopata. Presha bado naimezea dawa, na yeyote atakayekuambia uache dawa kwa sababu umekwenda hija, usimsikilize. Kilichopona kwangu ni usingizi na ulimi. Hasira hujaribu kurudi, hasa ndugu wakikusanyika. Ndiyo maana Jumanne na Ijumaa naishika ile rozari, na nimeacha kukaa muda mrefu bila kuungama. Neema nimeipata kwa Yesu kupitia Mama yake, nami sitaki kuichezea.

Sasa ya safari. Pasipoti iwe hai. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Rwanda hairuhusiwi. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, msije mkachanganya muda wa Misa. Njia ni Rusumo, Kigali, Huye, halafu mnapanda milima. Baridi ya kule si mchezo, sweta na kitenge kizito vinahitajika. Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na blanketi jembamba kama shuka, na maji ya moto tuliyoahidiwa hatukuyaona. Ulizeni mapema kabla ya kulipa. Misa ni kwa Kinyarwanda. Sisi wa Ngara tunaosema Kihangaza, lugha inayokaribiana nacho, tunaambulia mengi, wenzetu wa Mwanza watahitaji wa kuwanong'oneza.

Tarehe 15 Agosti na 28 Novemba umati ni mkubwa, nyimbo zinapendeza, lakini kitubio cha kutulia ni vigumu kukipata. Kwa mwenye mzigo moyoni ningesema aende siku za kawaida. Na viongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wanaopanga basi wawasiliane mapema na mapadri wa huko, waulize kama yupo wa kuungamisha kwa Kiswahili siku hiyo. Hilo liwe la kwanza, hata kabla ya kukusanya nauli.