PSP 3000 ya mtumba kwa gemu za zamani: uzoefu wangu

Kwa gemu za mashine za zamani kama Game Boy Advance (GBA), NES, Mega Drive na PlayStation ya kwanza, PSP 3000 ya mtumba, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, bado naipendekeza, ili mradi pesa yako ianzie kwenye betri na kadi ya kumbukumbu. Kava jipya lingoje.

Kama unaweza kuchagua, iache PSP 1000, toleo la kwanza. Ina RAM ya MB 32 tu, ilhali 2000 na 3000 zina MB 64. Gemu kubwa ya GBA yenyewe hufika MB 32, kwa hiyo kwenye 1000 emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) husoma vipande vyake kutoka kwenye kadi huku unacheza, na hapo ndipo inapokwamakwama. Skrini ya 3000 ina rangi nzuri, ila picha ikikimbia utaona vistari vyembamba vya mlalo. Ukipata iliyotoka Japani, kitufe cha kukubali ni duara, si X. Lugha ya menyu inabadilishwa kuwa Kiingereza.

Betri ndiyo inayosumbua zaidi. Ya asili ya 3000 ni mAh 1200, kwa hiyo lebo ya mAh 3600 kwenye betri ya umbo lilelile usiiamini. Iliyovimba husukuma kifuniko. Itoe, usiichaji wala kuitoboa. Betri mbovu inakuzuia hata kuanza kazi, kwa sababu PSP hukataa kusasisha famwea (programu ya mfumo wake) chaji ikiwa ndogo, hata kama chaja imechomekwa. Kwa kuchaji, tafuta waya wa USB wenye pini ya duara ya mm 4.0 kwa 1.7. Unatumia volti 5, hivyo pawabenki ya simu inatosha umeme wa Kampala ukikatika.

Kadi za asili za Sony, Memory Stick, ziache. Nunua adapta ya Memory Stick Pro Duo yenye nafasi moja ya maikro SD. Ile ya kadi mbili hugawanya data kati ya kadi zote, moja ikiharibika umepoteza vyote. GB 32 zinatosha. Kadi za bei ya kutupa huweza kudanganya ukubwa wake: zinajaa mapema, kisha faili zinaharibika kimyakimya. Zipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kunakili chochote. Kadi ya GB 64 huja na mpangilio wa faili wa exFAT, ambao PSP haisomi, kwa hiyo ifomati ndani ya PSP yenyewe.

Kuweka programu ni rahisi. Sasisha hadi famwea 6.61: faili ya EBOOT.PBP iwe kwenye PSP/GAME/UPDATE. Kisha chukua ARK-4, famwea isiyo ya Sony inayoruhusu emuleta kufunguka. Folda ARK_01234 iende PSP/SAVEDATA, na ARK_Loader iende PSP/GAME. Fungua ARK_Loader kwenye menyu ya gemu. Ukiizima PSP kabisa, utaifungua ARK_Loader tena. Ukiilaza tu, hapana. Ipo njia ya kuiweka ARK-4 ibaki daima, lakini inaandika kwenye kumbukumbu ya ndani, na chaji ikikata katikati PSP inaweza isiwake tena. Kulaza kunanitosha.

Kwa GBA natumia emuleta ya gpSP, ambayo hudai faili ya gba_bios.bin kwenye folda yake, ikikosekana haianzi. PicoDrive inaendesha Mega Drive vizuri. PlayStation ndiyo raha yenyewe, maana Sony waliweka emuleta yao ndani ya mashine. Geuza diski yako kuwa EBOOT.PBP kwa PSX2PSP, uipe folda yake ndani ya PSP/GAME, basi.

SNES (Super Nintendo) ndiyo inayoniudhi. Hata prosesa ikiwa kwenye megahezi 333, emuleta ya Snes9xTYL huruka picha, na gemu za chipu ya Super FX kama Star Fox hazichezeki kwa raha. Kama unataka SNES hasa, simu ya Android ya kawaida na kidhibiti cha bluetooth itakufaa kuliko PSP yoyote.