Mashine ya kubonyeza bati la ndege usiku bila kelele: miezi mitatu gerejini, Minnesota

Sikilizeni kwanza. Ongezeni sauti ya simu, halafu msikilize.

Mmesikia nini? Hakuna. Na hapo nimebonyeza matundu kumi na mawili kwenye bati la mkia wa ndege, saa nne na nusu usiku, huku mtoto wangu wa miezi minane amelala chumba kilicho juu ya kichwa changu kabisa. Ndugu zangu, nimeisubiri video hii tangu Novemba. Nina furaha nayo kuliko hata ile ya siku mzigo ulipofika.

Karibuni tena gerejini. Kwa wageni, tuko Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, na nje saa hizi ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Najenga ndege, RV-14 ya Van's Aircraft wa kule Oregon, viti viwili, ya mabati na ribiti, yaani vipini vifupi vya chuma vinavyounganisha mabati. Inauzwa kwa vifurushi, na kawaida unaanza na mkia. Habari za injini na mwendo nilizimaliza kwenye video ya kwanza, sirudii. Leo tunazungumzia hiki chuma kirefu hapa mezani. Kinaitwa DRDT-2. Mimi nakiita mashine ya wenzo, kwa sababu ndivyo kilivyo: unavuta mkono, kinafinya, basi.

Kinafinya nini? Shikeni bati hili kwa macho. Unene wake haufiki milimita moja. Ribiti za nje kwenye ndege hii nyingi ni za kichwa bapa, na kichwa lazima kizame kiwe sawa na bati, upepo upite bila kukwama. Bati lingekuwa nene ningechimba ukingo wa tundu kwa keekee. Hili ukilichimba umelimaliza, hakuna chuma kinachobaki cha kushika ribiti. Kwa hiyo halichimbwi, linabonyezwa. Chuma dume chini, chuma jike juu, bati katikati, unafinya, na tundu linageuka bakuli dogo la nyuzi 100, saizi ya kichwa cha ribiti. Ubavu wa ndani, yaani kipande cha fremu kinachobeba bati, nao unabonyezwa vivyo hivyo. Ukilaza bati juu ya ubavu, bakuli linakaa ndani ya bakuli. Pitisheni kidole hapa mkiwa kwangu siku moja, mtaona: hata kabla ya ribiti kuingia, mabati yameshashikana, hayateleziani.

Sasa ndege nzima ina ribiti zaidi ya elfu kumi. Hesabuni mabakuli.

Njia waliyoanza nayo wajenzi wengi, na mimi nikiwemo, ni fremu ya nyundo. Hii hapa, iko chini ya meza, sijaitupa. Ni chuma chenye umbo la herufi C, juu kina fimbo. Unalaza bati, unashusha fimbo, unaigonga kwa nyundo. Ngo! Tundu moja. Ngo! La pili. Kibonyeo chake, yaani bakuli linalotoka, ni kizuri, sitasema uongo, tena kina ukingo mkali kweli. Na bei yake ni ndogo. Kama gereji yako iko mbali na nyumba, au unaishi shambani na jirani yako ni mahindi, simamisha video, kanunue ile, uokoe pesa.

Lakini gereji yangu imeungana na nyumba. Kiangazi ningefungua mlango mkubwa, sauti ikatoka nje. Januari huufungui. Mlango umefungwa, kuta zimejazwa sufi ya kuzuia baridi, na kila pigo la nyundo linapanda kwenye nguzo za nyumba hadi kitandani kwa mtoto. Mimi nafanya kazi zamu ya mchana. Muda wangu wa ndege ni kuanzia saa tatu usiku watoto wakilala, hadi saa sita. Novemba karibu nzima nilikuwa naondoa kingo kali kwenye matundu na kutazama bati lisilobonyezwa. Wiki tatu! Nilikaribia kufunga kila kitu hadi Mei.

Haya, tazameni vizuri, hapa ndipo nataka mkae na mimi.

Naileta kamera karibu. Hii ncha ndogo inayochungulia ni pini ya chuma dume. Kazi ya kwanza ni kulikalisha tundu juu ya pini. Bati likikaa utalisikia kwenye vidole, linashuka kidogo, halafu halisogei tena kushoto wala kulia. Hapo tu ndipo unavuta wenzo. Polepole… unaona jike linashuka… limegusa… sasa unahisi uzito… na mwisho kuna kama kizingiti, mkono unakaza, fremu yenyewe inajikunja kidogo sana. Umefika. Achia.

Tena. Kalisha, vuta, kizingiti, achia. Tena.

Mnaona kwa nini naipenda? Siyo ukimya peke yake. Kwa nyundo, kama tundu halikukaa sawa kwenye pini, unajua baada ya kugonga, na umeshatoboa tundu la pili ubavuni mwa la kwanza, namba nane kabisa. Bati limeharibika. Hapa wenzo unaposhuka taratibu, bati lililokaa vibaya linakuambia mapema: linainuka upande mmoja, mkono unakataa. Nimeokoa matundu mawili usiku huu huu kwa namna hiyo. Ngoja niwaonyeshe kwa kipande cha majaribio. Nalisogeza makusudi. Naanza kuvuta… oneni linavyoinuka. Naacha. Hakuna hasara. Kwa nyundo ningekuwa naandika barua ya kuagiza bati jipya.

Na huu ndio mtihani wa kibonyeo. Taa ya pembeni. Weka jicho usawa wa bati. Duara liwe safi, pasiwe na kilima kuzunguka. Ukiona bati limevimba kuzunguka bakuli, hujafinya vya kutosha. Zungusha skrubu ya hapa chini, ongeza kidogo, jaribu kwenye kipande chakavu. Mimi huipima upya kila nikibadilisha unene wa bati. Ukisahau hilo utailaumu mashine bure. Tuliosoma maoni ya wajenzi kabla ya kununua tunajua, wengi wanaosema inatoa vibonyeo laini hawakuirekebisha.

Kaka mmoja wa Mwanza aliniuliza kwa nini nisitumie koleo la upepo, linalofinya kwa hewa ya kompresa. Kaka, swali zuri, nilipaswa kulijibu mapema. Linafinya vizuri ajabu. Ila mdomo wake ni mfupi, unafika ukingoni tu, na bati hili lina matundu katikati kabisa, mbali na ukingo. Halafu kompresa yenyewe! Ikiwaka usiku hapa ni afadhali hata nyundo. Kingo nazimaliza kwa koleo la mkono. Katikati ni mashine hii.

Na dada yetu wa Mombasa aliyesema Zenith CH 750 ingenimalizia shida yote, yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Ile inatumia ribiti za kuvuta, kichwa kinakaa juu ya bati, habari ya mabakuli unaisahau. Ni ndege ya kupaa na kutua mahali pafupi, na mtu wa shamba ningemshauri hiyo bila kusita. Mimi nataka mwendo wa safari. Nataka kutoka hapa asubuhi, mchana niwe kwa kaka yangu Texas. Kwa mwendo, bati laini lina maana.

Turudi kwenye baridi, kwa sababu mmeniuliza sana. Kosa kubwa nililofanya Desemba lilikuwa kulaza bati sebuleni, kwenye joto, na mbavu kuziacha gerejini. Alumini hutanuka ikipata joto. Mita moja na sentimita ishirini, tofauti ya nyuzi thelathini, inakupa kama milimita 0.8. Tundu lenyewe ni milimita mbili na nusu. Nilifunga vibanio vya kleko, vile vinavyoshika vipande kwa muda kupitia matundu, kuanzia upande mmoja, nikafika mwisho wa safu matundu hayaonani. Nilidhani nimepewa vipande vyenye kasoro! Nikaacha vyote gerejini usiku mmoja, asubuhi kleko ziliingia kama kisu kwenye papai. Basi, vipande vinavyoungana vilale pamoja.

La pili ni hita. Nilianza na ya gesi, ile ya kusimamisha chini, moto wazi. Naomba kila aliye kwenye baridi anisikilize. Kilo moja ya propeni ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na yote yanabaki gerejini kama mvuke. Yanatafuta chuma baridi, yanakaa hapo. Asubuhi vyuma vyangu dume na jike, ambavyo ni vya chuma kinachoshika kutu, vilikuwa na madoa mekundu. Doa hilo likibaki, linachapa alama kwenye kila bati unalofinya. Nililia na brashi na mafuta usiku mzima. Na hapo sijagusa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyonuka, kwenye gereji iliyoungana na chumba cha watoto. Nimeitoa. Sasa natumia ya umeme, ukutani kuna king'ora cha hewa hiyo, na vyuma vinalala ndani ya kopo lenye kitambaa cha mafuta. Bili ya umeme imepanda, nakubali, na ninailipa.

Bei sasa. Hii niliinunua mkono wa pili, dola 350, kwa mzee aliyemaliza ndege yake vuli iliyopita. Mpya ni zaidi. Mwanzoni nilikuwa nawaambia watu wanunue mpya, wasihangaike. Nimebadilisha mawazo. Chombo hiki hakichakai kirahisi, na mtu akimaliza kubonyeza hana kazi nacho tena. Kitafute kwa wajenzi. Nenda kwenye mkutano wa tawi la EAA, chama cha wajenzi na wapenzi wa ndege, lililo karibu nawe; pale utampata mtu wa kukuuzia au hata kukuazima, na wana washauri wa ufundi wanaokuja kuangalia kazi yako bila malipo. Wangu anakuja mwezi ujao, na amekubali tumrekodi. Hiyo ni habari ya chaneli, msiikose. Habari nyingine: zamu yangu imebadilika, kwa hiyo video zitatoka Ijumaa, siyo Jumatano.

Kinachonikera? Meza. Mashine peke yake haitoshi, inataka meza yenye kimo sawa na chuma dume, pande zote, ili bati lisining'inie na kujikunja. Niliijenga, nikaifunika zulia. Ni meza nzuri, lakini ilikaa mahali pa gari. Kwa hiyo tangu Desemba mama watoto alikuwa anakwangua barafu kwenye vioo kila alfajiri kabla ya kwenda hospitali kazini, katika baridi hii mnayoijua. Hakusema neno kwa wiki mbili, na hilo ndilo lililoniuma. Wanaouza mashine hii wangesema mapema: andaa mita mbili kwa moja na nusu, uzitoe kwenye kitu kingine. Jumamosi iliyopita nimeikata meza, nimeweka bawaba katikati na magurudumu. Ikikunjwa, gari linaingia. Vipimo nitavibandika chini ya video, bure, tafadhali tengenezeni hivyo tangu mwanzo.

Mmoja aliuliza kama mashine kama hii haivunji sheria ya kujenga mwenyewe. Hapana. Mamlaka ya anga ya Marekani inataka sehemu kubwa ya kazi uifanye wewe, kwa kujifunza au kujifurahisha. Wenzo ni chombo tu, mkono ni wangu, na picha za kila usiku zinabaki kwenye daftari la ujenzi. Hata video hii ni sehemu ya ushahidi.

Bunduki ya ribiti, nyundo ya hewa ya kugongea ribiti, ile yenye kelele kweli, inasubiri Jumamosi mchana. Binti yangu mkubwa ananishikia chuma kwa nyuma. Ana miaka kumi na moja, na ameshajua kupima: kichwa cha nyuma, kile kinachotokea ribiti ikigongwa, kitanuke mara moja na nusu ya unene wa ribiti, kimo kibaki nusu yake. Akisema "baba, hii bado," natazama, na kweli bado.

Nimebakiza safu mbili kwenye bati la kushoto. Ni saa tano na dakika kumi. Kamera naiacha iwake, sitasema tena, atakayetaka kukaa nami akae. Mtoto akiamka mtamsikia yeye, siyo mashine. Tuonane Ijumaa.