Kitasa cha namba: usiku nilioachwa barazani kwangu

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba kitasa sikichukii. Ninayemkasirikia ni aliyeniuzia, ingawa kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba hata kitasa chenyewe hakisalimiki na lawama.

Nilikinunua Kariakoo muda kidogo uliopita, baada ya kuchoka kubadilisha kitasa kila msaidizi wa nyumbani anapoondoka. Muuzaji alikuja mwenyewe Kigamboni kukifunga, akaweka betri nne alizokuja nazo mfukoni, kisha akanikabidhi funguo mbili za dharura akisema, “Hizi dada weka kabatini, hutazihitaji tena.” Nikaziweka kabatini.

Miezi ilipita kwa raha. Kisha kitasa kikaanza kutoa milio mitatu mifupi na kuwasha taa nyekundu kila nilipoingiza namba. Nikampigia. Akanijibu, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula, kwamba vitasa vya kisasa ndivyo vilivyo, hulia. Nikamwamini, kwa sababu yeye ndiye fundi.

Usiku mmoja wa masika nilivuka na pantoni, mtoto amelala begani, nikafika nyumbani mvua ikipiga baraza kwa ubavu. Nikabonyeza namba: kimya. Hakuna mlio, hakuna taa. Nikavipangusa vitufe kwa pindo la kanga, nikabonyeza tena, kimya. Simu ya muuzaji ikaita mara nne ndipo akapokea. “Dada, saa hizi? Si nilikupa funguo?” Nikamwambia ziko kabatini, alikoniambia yeye niziweke. “Basi vunja mlango, mimi nimelala.” Akakata.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee fundi redio, aliyetoka na tochi, akainama kumulika upande wa chini wa kitasa, mahali ambapo sikuwahi kupatazama, akaniuliza, “Mwanangu, hukuonyeshwa hivi?” Kulikuwa na vijichuma viwili kama vichwa vya misumari. Akachomoa betri ya volti 9 kwenye kipimio chake cha umeme, akaigusisha hapo ili kukipa kitasa umeme kutoka nje, maana betri za ndani zilikuwa zimekwisha; kumbe ndicho ile milio mitatu ilichokuwa ikinionya. Kitasa kikawaka, nikaingiza namba, mlango ukafunguka. Kazi ya dakika moja! Mtu anayeuza vitasa hivi kila siku hawezi kukosa kulijua jambo hilo.

Asubuhi tulipofungua kifuniko tulikuta betri za bei rahisi za kaboni, mbili zimevuja, na springi zimeliwa na kutu. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma kwa chuma. Mzee akazisugua kwa msasa, tukaweka betri za alkalini, na tangu hapo hakijanisumbua.

Kwa hiyo ningesema kinunueni. Msaidizi wangu wa mwisho alipoondoka kwa ugomvi, nilifuta namba yake kabla hajafika kituoni, na usiku ule nililala usingizi. Kwa hilo peke yake pesa yangu haikupotea. Lakini juzi nimeona vitufe vinne vimefubaa kuliko vingine, na mwizi mwenye macho akizijua tarakimu hizo hana haja ya kubahatisha kati ya namba 10,000 za tarakimu nne. Anabaki na mipangilio 24 tu. Nimebadili namba, na nitaendelea kuibadili. Ufunguo mmoja sasa uko kwa mzee, wa pili hautoki pochini mwangu.

Muuzaji amenitumia ujumbe wiki hii, akiuliza kama nahitaji kitasa kingine cha mlango wa nyuma. Nakihitaji. Sitakinunua kwake.