Kimiminika cha Kuhifadhia RNA: Tathmini Baada ya Misimu Miwili Ukerewe

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa ndani ya konokono wa Biomphalaria, ambao hueneza kichocho cha tumbo katika fukwe za Ziwa Victoria. Kwa misimu miwili nimehifadhi tishu zao katika kimiminika kisicho na rangi kinacholinda RNA, yaani nakala za ujumbe ambazo jeni iliyowashwa hutoa, nilichokinunua kwa wakala wa Dar es Salaam katika chupa ya mililita 500.

Kabla ya hapo tulikuwa tukibeba naitrojeni kimiminika ya kugandishia sampuli kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, safari ya takriban saa tatu majini, huku wahudumu wa kivuko wakikitazama chombo chetu chenye kufuka moshi kana kwamba ni mzigo wa mganga. Chupa hii imetuondolea adha hiyo. Ndani yake mna chumvi ya amonia salfeti kwa wingi mno, ambayo hupenya kwenye tishu na kugandisha protini, vikiwamo vimeng'enya vinavyokatakata RNA, ambavyo vimejaa hata kwenye ngozi ya vidole vyetu. Maelezo yanasema kwamba sampuli hustahimili siku moja katika nyuzijoto 37, juma moja katika nyuzijoto 25 na mwezi mmoja katika jokofu la nyuzijoto 4. Sampuli zangu zilizokaa siku nne bila jokofu, umeme ulipokatika, zilitoa RNA isiyo na dosari.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo maelezo ya chupa hayalisisitizi ipasavyo. Anayetaka kujua tu kama jeni fulani ipo hatapata taabu. Lakini kwa anayepima udhibiti wa jeni, haitoshi RNA iwe nzima, bali lazima iwe ileile iliyokuwamo wakati konokono alipokuwa bado majini. Seli iliyoshtuka hubadilisha RNA yake ndani ya dakika chache. Msimu wa kwanza tuliwatumbukiza konokono wazima, nao wakajifungia ndani ya magamba yao huku kimiminika kikiingia polepole. Majibu yalipotoka, jeni za mshtuko zilikuwa zimepanda kwa wote, wenye vimelea na wasio navyo, na kazi ya miezi ikawa haina maana. Msimu wa pili tulivunja gamba palepale mwaloni, tukakata vipande visivyozidi unene wa nusu sentimita, na tukavimiminia kimiminika chenye ujazo usiopungua mara tano ya tishu. Tofauti kati ya makundi mawili ikaonekana waziwazi.

Kimiminika huhifadhi vizuri pia maikroRNA, vipande vifupi vya RNA vyenye herufi za kikemia 22 hivi, vinavyozuia ujumbe wa jeni usigeuzwe kuwa protini. Cha kwanza kiligunduliwa katika mnyoo mdogo mwaka 1993, na ugunduzi huo ukawapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024. Mimi nilivipoteza karibu vyote mwanzoni, ila lawama si ya chupa: vichujio vya kusafishia RNA nilivyouziwa na wakala yuleyule vilikuwa vya aina ya kawaida, vinavyoacha vipande vifupi vipite na kumwagwa. Anayeagiza ataje bayana kwamba anahitaji vile vinavyonasa RNA fupi.

Chupa ikikaa kwenye baridi hufanya chembechembe nyeupe chini. Nilidhani nimeuziwa bidhaa mbovu na nikampigia wakala simu ya ukali, kumbe dawa yake ni kuipasha hadi nyuzijoto 37 na kuitikisa. Tena, sampuli mpya isigandishwe siku hiyohiyo. Ilale kwanza usiku mmoja kwenye jokofu, kisha ndipo ihamie kwenye friza.

Malalamiko yangu makubwa ni bei, kwa kuwa kimiminika cha namna hii huweza kutengenezwa maabara kwa amonia salfeti, sodiamu sitreti na EDTA (kemikali inayonasa ayoni za metali), asidi ikirekebishwa hadi pH 5.2. Nimekitengeneza, na kwa mazoezi ya wanafunzi ndicho tunachotumia. Kwa sampuli za utafiti bado nanunua, kwa sababu konokono aliyeokotwa kisiwani Ukara mwezi wa Machi hawezi kuokotwa tena iwapo mchanganyiko wangu ulikuwa na kasoro.